Mbona mfuko haukuguswa?

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema Mitch McConnell aliwaongoza Warepublican wa Seneti tangu 2007 hadi mwanzoni mwa 2025 kwa sababu anazijua kanuni kuliko wenzake. Anazijua, sikatai. Lakini makala nzima haijagusa mfuko, yaani pesa za kampeni!

Kiongozi huchaguliwa na maseneta wenyewe, na seneta anayehofia kiti chake hahangaiki na kanuni. Anataka mtu wa kumjazia matangazo ya televisheni wiki za mwisho. Senate Leadership Fund, kamati ya kisiasa inayomwaga mamilioni ya dola kwa kazi hiyo, iliendeshwa kwa miaka mingi na Steven Law, aliyewahi kuwa mkuu wa watumishi wa McConnell. Ukishabebwa hivyo, utampigia nani kura? Seneta mwenzake Rick Scott alipojaribu kumng'oa McConnell kwenye uongozi Novemba 2022 aliambulia kura 10 dhidi ya 37.

Wala McConnell hakuficha msimamo wake kuhusu pesa za siasa. Sheria ya McCain-Feingold ya 2002 ilipobana michango, alikwenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 2003 akashindwa kwa sehemu kubwa, ila 2010 uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Citizens United ukaibomoa sehemu muhimu ya sheria ile ile.

Na jamani, tusidhani dola hununua kura moja kwa moja. Mwaka 2020 Amy McGrath, Mdemocrat aliyewania kiti cha McConnell cha useneta wa Kentucky, alichangisha pesa kumzidi, wafadhili wakimiminika kutoka kila pembe ya Marekani, na bado Kentucky ikamwangusha kwa tofauti ya karibu asilimia 20. Pesa za mzee huyu zilifanya kazi zaidi ndani ya chama chake.