Kioo Kimoja, Kompyuta Tatu na Shemeji Mmoja

Mimi na teknolojia hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na matundu. Anayetaka kujua kwa nini upara wangu unasonga mbele kuliko umri, afike Mikindani ya Mtwara, aingie kwenye steshenari yangu, ainame chini ya meza autazame mgongo wa monita.

Monita yenyewe ni moja. Inchi 22, mtumba, bado ina uso mzuri. Nyuma ina matundu mawili ya kuchomekea waya wa picha, moja la VGA na moja la DVI. Wanaoigombania ni kompyuta mbili. Ya kwanza ni kongwe, inatumia Windows XP, na kuitupa siwezi kwa sababu skana yangu haiongei na mashine nyingine yoyote hapa duniani. Ya pili ni kijisanduku kipya kinachoenea kiganjani, kina tundu la HDMI basi. Mama watoto kila siku: "Si ununue kioo cha pili?" Nikiweke wapi? Meza imeshabeba printa, mashine ya fotokopi, boksi la karatasi na kiwiko cha mteja. Halafu hela yenyewe iko kwenye korosho. Wakulima wakilipwa wanakuja kutoa kopi, wasipolipwa wanakuja kupiga soga.

David Livingstone alipita hapa Mikindani mwaka 1866 akielekea bara. Huko bara yalimkuta mengi, lakini hakuna aliyemwuliza, "Bwana, tundu lako ni VGA au HDMI?"

VGA ililetwa na IBM mwaka 1987. Pini 15, na picha inapita humo kama umeme unaopanda na kushuka, nyekundu na njia yake, kijani na njia yake, bluu na njia yake, kuanzia sifuri hadi volti 0.7. HDMI inapeleka hesabu tupu, moja na sifuri. Kwa bahati DVI ya monita hii nayo ni ya hesabu, kwa hiyo waya wa HDMI kwenda DVI hauhitaji uchawi wowote, unachomeka picha inakuja. Kwa hiyo kongwe ikakaa VGA, kijana akakaa DVI, kila mmoja na chumba chake. Mtu angesema kazi imekwisha.

Imekwisha wapi! Monita ni mwanaume mwenye wake wawili asiyejua zamu. Niko kwa bi mkubwa naskani cheti cha watu, bi mkubwa akisinzia kidogo tu, bwana huyo kahamia kwa bi mdogo bila kuaga. Nabonyeza kitufe kumrudisha. Anafika, anakuta taa imezimwa, anaandika hakuna signali, anageuza. Bi mkubwa naye kuamka kwake ni kwa taratibu za kizee, akishafungua macho mume hayupo. Na mteja amesimama pale, bajaji ya kumrudisha Naliendele inapiga honi, ananiuliza, "Mwanangu, hiki kitu kinakutii kweli?"

Tena hiyo VGA ikikubali, picha inakaa upande. Menyu yote imezama kushoto, kulia kuna mstari mweusi. Kuna kitufe cha kujipanga chenyewe, ukibonyeza monita inatafuta kingo za picha na kuivuta mahali pake. Safi kabisa, ila inatafuta kingo kwa mwanga, na mwanangu wa kiume kaweka picha nyeusi tii iwe mandhari ya skrini, ati inapunguza uchovu wa macho. Macho ya nani? Monita inapapasa gizani, inakata shauri la ajabu, picha inahama zaidi. Siku hizi kabla ya kubonyeza nafungua kwanza ukurasa mweupe ujae skrini nzima. Dogo anasema mimi mshamba.

Hayo yote ningeyameza. Lakini shemeji, kaka yake mama watoto, alihamia Dar akaniachia kompyuta yake "kwa muda tu". Nayo ni VGA peke yake, na humo ndani zimo picha za harusi ambazo ukoo mzima unazidai kwangu. Sasa tundu la VGA la monita lina mtu tayari, na zile skrubu zake za kukaza kwa vidole zimekula chumvi ya bahari, hazifunguki mpaka koleo.

Nikamwita fundi. Akaja na adapta ya kutoka VGA kwenda DVI. Haikuingia. Adapta ina pini nne zinazoizunguka pini moja bapa, na tundu la monita yangu halina matobo ya hizo nne. Fundi akaangalia, akaguna, akatoa mkasi wa kukatia waya: "Mzee, hizi nne tunazikata." Nikamshika mkono. Hizo nne ndizo zinazobeba picha ya VGA! Nyekundu, kijani, bluu, na ile ya kupanga mistari. Tundu la monita halina nafasi yake kwa sababu limeumbwa kwa hesabu tupu. Ukizikata inaingia vizuri sana, na utatazama giza vizuri sana. Jirani wa duka la simu akadakia: "Chukua ile ya HDMI kwenda VGA, ugeuze tu." Ile ina chipu ndani inayogeuza hesabu kuwa umeme, na inafanya kazi upande mmoja. Uigeuze mpaka kesho.

Mwisho tukaafikiana na kiswichi, kile kisanduku cha VGA chenye kitufe cha kuchagua mashine. Kongwe ndani, ya shemeji ndani, kijana naye kwa hiyo adapta yenye chipu ndani. Waya mmoja tu unakwenda kwa monita. Kuhamahama kukakoma.

Ila kiswichi ni cha bei ya chini. Monita hujitambulisha kwa kompyuta kupitia pini ya 12 na ya 15, inasema mimi ni mpana kiasi hiki. Hiki kisanduku hizo nyaya mbili hakikuwekewa. Kompyuta haijui inaongea na nani, inaleta picha ya nukta 1024 kwa 768, na monita yangu ya nukta 1680 kwa 1050 inaivuta kwa upana mpaka ijae. Kila mtu kanenepa. Napiga picha za pasipoti, wateja wanajiona kwenye kioo wanapandisha sauti. Karatasi inatoka sawa, lakini nani anasubiri karatasi? Kijana mmoja wa Chuno aliondoka bila kulipa. Dada mmoja yeye alifurahi, akaniambia, "Kaka, iache hivyo hivyo, wala usinipunguze."

Jana usiku shemeji kapiga simu. "Shem, nasikia unateseka. Nimekupatia monita ya pili, bure kabisa, kesho naipakia basi la Mtwara."

Nikamwuliza nyuma ina matundu gani.

"Moja tu la picha. Dogo hivi, kona moja imekatwa."

DisplayPort. Kati ya mashine zangu zote tatu hakuna hata moja yenye nalo.

"Shem," nikamwambia, "iache hapohapo Mbagala."