Mpaka Umehamia Kaunta ya Ndege

Anayekuzuia kusafiri mara nyingi si afisa uhamiaji. Ni mhudumu wa shirika la ndege mwenye skafu shingoni na foleni ndefu mbele yake. Anafunua pasipoti, anaielekeza kwenye mwanga aone kama alama za usalama zinang'aa, anapekua kurasa kutafuta viza, kisha anaingiza uraia wako na unakokwenda kwenye Timatic, mfumo wa masharti ya safari unaotumiwa na mashirika mengi. Akipata utata, anampigia msimamizi. Dakika chache tu, na uamuzi umeshatoka.

Kazi hiyo aliipata kwa njia ya faini. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1987 ya kulitoza shirika kwa kila abiria anayefika bila hati sahihi. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2001 linazipa nchi wanachama chaguo kadhaa, mojawapo likiwa kiwango cha juu cha faini kisichopungua euro 5,000 kwa abiria mmoja. Na mgeni akikataliwa kuingia, shirika lililomleta ndilo hutakiwa kumrudisha.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja ya kusikilizwa. Kumzuia mtu kabla hajapanda ni nafuu kuliko kumrudisha, na mwenyewe anaepushwa kukesha kwenye chumba cha kuzuiliwa ugenini. Anayeuza tiketi kwa faida hawezi kulia kwamba kutazama viza ni mzigo. Air France ilipolalamika kwamba inageuzwa polisi, Baraza la Katiba la Ufaransa liliikatalia mwaka 2019: shirika linadaiwa kuona kasoro zilizo wazi tu, zile ambazo mtu makini angeziona.

Hapo mimi nakubaliana nao. Shida yangu ni mizani. Mhudumu akimpitisha asiyestahili, kampuni inatozwa. Akimzuia anayestahili, idara ya uhamiaji haimuulizi kitu. Ningekuwa mimi kwenye kaunta hiyo, na bosi anahesabu faini za mwezi, mwenye utata ningemwacha chini.

Anayeumia zaidi ni anayekimbia hatari. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja alikotishiwa na akajisalimisha bila kukawia. Walioandika walijua kwamba anayekimbia hangoji foleni ya pasipoti. Lakini kinga hiyo ni ya aliyefika, na faini inahakikisha hafiki. Ufaransa humsamehe msafirishaji iwapo ombi la hifadhi la abiria halionekani wazi kuwa halina msingi. Ni busara, ila msamaha huo hupatikana baada ya safari, na mhudumu anaamua kabla yake.

Mahakama zimeanza kugusa suala hili, japo kwa upande wa fidia tu. Raia wa Kazakhstan aliyekuwa akiishi Cyprus alizuiwa kwenye uwanja wa Larnaca, huko huko Cyprus, na shirika la Blue Air asipande ndege ya kwenda Bucharest, ilhali mamlaka za Romania zilikuwa zimemjulisha kwamba kwa kibali chake cha ukaazi hahitaji viza. Mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema neno la shirika la ndege kuhusu hati si la mwisho. Jaji anaweza kulipima.

Ni hatua, lakini jaji huja baada ya ndege kuruka. Ukaguzi ubaki, sina ugomvi nao. Nachotaka ni kukataa kuwe kwa maandishi, na penye utata aulizwe afisa uhamiaji wa nchi ya kufikia, na jibu lake liwekwe kwenye kumbukumbu kwa jina lake. Larnaca waliuliza kabla ya kumzuia yule abiria. Waliwauliza wafanyakazi wa shirika lilelile, walioko uwanja wa Bucharest.