Ibada ya nyumbani isiwe kesi ya watoto

Wazazi wenzangu naomba leo niseme hili wazi kwa sababu na mimi nimelifanya miaka mingi. Watoto wetu wengi hawana shida na Biblia, wanachokichoka ni kile kikao cha usiku tunachokiita ibada ambacho ukikaa ukakisikiliza vizuri ni kesi kabisa. Baba anafungua Methali, anatafuta pale pa mwana mpumbavu na mama yake, anasoma polepole halafu macho yote yanahamia kwa yule aliyeleta ripoti mbaya ya shule. Ikifika maombi ndo balaa zaidi, "Bwana tunakuomba umguse huyu mtoto, uondoe roho ya uongo na uvivu", na mtoto amefumba macho hapo anasikia anashtakiwa mbele za Mungu na hana hata pa kujitetea.

Kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Mtoto wangu wa pili alichelewa kuacha kukojoa kitandani, na mimi kwa mapenzi yangu yote nikawa namwombea kila usiku kwa sauti, wote tukiwa sebuleni. Alikuwa na miaka 8. Siku moja baada ya amina akanifuata jikoni nikiwa naosha sufuria, akashika pindo la kitenge changu akaniambia kwa sauti ya chini, "mama, kesho ukiomba usimwambie Mungu habari za kitanda mbele ya dada, mwambie ukiwa peke yako." Jamani nilikaa chini kwenye kile kigoda. Nikajiuliza nimemfundisha nini huyu mtoto kuhusu maombi miezi yote hiyo, kwamba ni mahali pa kuaibishwa?

Tangu hapo kwetu kesi zinasikilizwa mchana, ibada ni ibada. Kama kuna mtu kavunja kitu au kadanganya tutaongea kabla au kesho yake, ila tukishakaa kwenye mkeka hakuna anayesemwa. Na Biblia haitumiki kama adhabu, kuna wazazi wanampa mtoto anakili Zaburi ya 119 yote, mistari 176, kwa sababu kagombana na mwenzake, halafu akifika miaka 17 wanashangaa kwa nini hataki kuifungua.

Suala la muda nalo tuwe wakweli. Ukiishi huku kwetu Mbezi na basi la shule linapita saa 11 na nusu alfajiri, ibada ya asubuhi na watoto ni kuwatesa tu, mtoto anasinzia na kiatu mkononi. Asubuhi tunaomba sentensi mbili mlangoni, begi mgongoni, inatosha. Ibada yenyewe ni jioni, na nilichojifunza ni kuifunga kwenye kitu ambacho lazima kitokee kila siku. Kwetu ni chakula, tukimaliza kula vyombo haviondoki mpaka tumesoma, kwa hiyo hata umeme ukikatika, hata baba akiwa safari, hata wageni wakiwepo, inafanyika kwa sababu kula tutakula tu. Dakika 10, zikizidi sana 15. Sisi Walutheri tunaijua Katekisimu Ndogo, kile kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, wanaosoma kipaimara wanakaririshwa, lakini wangapi tunakumbuka kwamba Luther mwaka 1529 aliweka mle sala ya asubuhi na sala ya jioni ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani kwake? Ni sala fupi mno, na ya jioni ukishaimaliza anakwambia ukalale upesi kwa furaha. Sasa mahubiri ya dakika 50 kwa mtoto wa darasa la pili tumeyatoa wapi?

Halafu wapeni watoto kazi. Kwetu kuna wa kuanzisha wimbo, kuna wa kusoma, na wa mwisho ambaye hajajua kusoma yeye anachagua nani aombe, na anaichukulia hiyo kazi kwa uzito wote. Tulianza na Injili ya Marko kwa sababu ndio fupi kuliko zote nne, sura 16, na matukio yanakwenda haraka haraka, tunasoma kisa kimoja kwa siku basi.

Tulipofika sura ya 4, ile ya dhoruba, binti yangu akasoma kwenye ile Biblia ya tafsiri ya zamani ya Union kwamba Yesu alikuwa "katika shetri, amelala juu ya mto". Akasimama. "Mama, mbona walikuwa baharini, mto umetoka wapi?" Mdogo wake akasema labda alikuwa anaelea juu ya maji amelala, si ni Yesu. Nikaenda chumbani nikaleta mto wa kitandani nikauweka katikati ya mkeka, nikawaambia ni huu, na shetri ni ile sehemu ya nyuma ya chombo. Yule wa mwisho akauchukua mto akauweka chini ya kichwa akalala, sisi tukawa upepo, kaka mtu anapiga sinia kama mawimbi, mpaka akaamka mwenyewe akasema "nyamaza, utulie". Usiku ule waliomba bila kuambiwa. Kwa hiyo nasema Union ni nzuri na mimi ndio niliyokulia, ila watoto nunulieni na Biblia ya Habari Njema pia, ile ya Kiswahili chepesi, waisome wenyewe waielewe.

Lakini kuna kitu kikubwa kuliko ratiba yoyote. Bibi yangu kule Machame hakutufundisha kuomba, mi simkumbuki hata siku moja akituketisha kwa ajili hiyo. Tulikuwa tunamsikia tu. Alfajiri kabla hajaenda kukata majani ya ng'ombe unasikia kupitia ukuta wa mbao anaongea na Ruwa, yaani Mungu, kwa Kichaga, anataja majina yetu mmoja mmoja, na mimi chini ya blanketi nasubiri nisikie langu. Mtoto anayemwona mzazi wake na simu asubuhi, mchana na usiku halafu saa 2 usiku anaambiwa aje kwenye Neno, anajua kabisa kipi mama anakipenda. Nimeanza kusoma Biblia yangu ya karatasi kwenye kiti cha barazani, kusudi wanione.

Mkubwa wangu sasa ana miaka 14, na kwa miezi kadhaa hivi hataki kuomba kwa sauti. Wengine wananishauri nimlazimishe, mi nimekataa. Anakaa na sisi, hilo halina mjadala, ila maneno ni yake na Mungu wake. Wiki iliyopita tulifika Marko 9, yule baba mwenye mtoto mgonjwa aliyelia "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu". Tukanyamaza kidogo, halafu yeye ndio akauliza, "mama, na wewe kuna siku huamini?" Nikamwambia zipo, nikamtajia moja, ya baba yake alipolazwa. Hakujibu kitu. Akaanza kukusanya sahani akapeleka jikoni, na haikuwa zamu yake.