Niachieni Kutu Yangu

Mtu akifuga njiwa hapa Shangani, Mtwara, hakuna anayemuuliza. Mwingine anakusanya jezi za timu inayofungwa kila Jumamosi, tunamwita mwanamichezo. Mimi nikikusanya treni za kuchezea za zamani, zile za bati, mtaa mzima umepata kazi ya kufanya.

"Baba Zuhura, kwani wewe utoto ulikupita?"

Utoto nilikuwa nao tele, treni ndiyo sikuikuta. Reli Mtwara ilikuwepo, Waingereza waliitandika kwa ajili ya mradi wao wa mashamba ya karanga kule Nachingwea, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na ule mradi una vituko kuliko mimi. Karanga zilikufa mwaka 1951. Bandari iliyojengwa kuzipokea ikawa tayari 1954! Mgeni keshazikwa, ndiyo kwanza mnatandika mkeka. Ukijumlisha na mashamba yao ya Kongwa na Urambo, zilizama pauni zaidi ya milioni 30, na sijasikia kama kuna aliyeitiwa wazee. Mimi nikiagiza kamani moja kutoka Uingereza, Mama Zuhura anaitisha kikao cha ukoo.

Maana treni hizi hazina betri. Ndani kuna kamani, ule utepe wa chuma uliojiviringisha. Unachomeka ufunguo ubavuni, unazungusha, krrr, krrr, unaiachia inakwenda. Yangu ni ya Hornby, imetoka Liverpool. Frank Hornby alianza kuziuza mwaka 1920, na zile za mwanzo zilifungwa kwa nati na boliti ili mtoto aweze kuifumua treni yake na kuiunda upya. Alikuwa na imani kubwa na watoto yule mzee. Wa kwangu hakuwaona. Zilizofuata wakazifunga kwa vijiulimi vya bati: unapenyeza ulimi kwenye tundu, unaukunja, basi. Ukunjue, ukunje, ukunjue tena, umekatika, na hauoti mwingine. Kwa hiyo nikimwona mtu anakuja na bisibisi, "nikusaidie kidogo Baba Zuhura," mimi nafunga mlango.

Wanunuzi wa vyuma chakavu siwasemi. Wale wanakuja na mizani kabisa.

Kero yangu ni rangi. Kichwa cha treni yangu ni cha kijani, na ubavuni kuna herufi za dhahabu, L.N.E.R., shirika la reli la huko kwao lililomalizikia mwaka 1948 treni za Uingereza zilipotaifishwa. Kijani kimechubuka, pembeni pana kutu. Wakusanyaji wa treni hizi ukiwauliza watakwambia rangi ya kiwandani usiiguse hata ikiwa imebaki nusu. Ukiipaka upya umeshusha thamani yake. Haya, kamweleze hivyo mtu wa hapa. Sisi kitu tukikiheshimu tunakipiga rangi. Mlango, jahazi, hata kaburi.

Nina shemeji anapaka bajaji rangi. Kila akija macho yako kwenye treni.

"Shem, niachie siku moja tu. Naikwangua yote, napiga nyekundu ya kung'aa, nyuma naandika *Wabaya Hawalali*."

Nami hapo nimekaa na kijiti cha pamba ya masikio na tone la mafuta ya cherehani, nafuta kutu taratibu kama namtoa mtoto tongo. Msasa marufuku. Asubuhi nzima nimesafisha upana wa ukucha, na upepo wa bahari unaokula mabati ya nyumba nao unanisubiri nigeuke. Shemeji anatazama, anasikitika.

"Kwa hiyo ukimaliza itakuwa kuukuu vilevile?"

Ndiyo! Kuukuu vilevile! Sasa mimi nasumbuka na nini?

Halafu kuna behewa moja magurudumu yake yamevimba na kupasuka bila kuguswa na mtu. Hiyo ni aloi ya zinki, yaani zinki ya kuchanganya, iliyoingiwa na madini ya risasi kiwandani. Ugonjwa unaanzia ndani, miaka inapita, chuma kinafanya nyufa kinamomonyoka kama mchwa wamekila. Dawa hakuna, unatafuta magurudumu mengine. Nimemweleza jirani hayo yote vizuri, akaitikia vizuri, kisha akaninong'oneza kwamba hilo behewa limetupiwa, na yeye anamjua mtu.

Yote hayo nilikuwa nayaweza, mpaka msimu wa korosho ulipomleta mjomba kutoka Newala.

"Mpwa wangu, hii inabeba kilo ngapi?"

"Haibebi, mjomba."

"Sasa inalipa nini?"

Mjomba hajibizwi. Nikatandika reli sakafuni, upana wake milimita 32, nikatia ufunguo, nikaiachia. Ikazunguka uvungu wa meza ikarudi. Mjomba akavua kofia. Akasema irudiwe. Ikarudiwa. Akasema ufunguo apewe yeye. Kufika isha, Zuhura na wadogo zake wamepanga foleni na mjomba ndiye wa mbele, na kwenye mabehewa amepakia korosho za kukaanga. Za chumvi! Chumvi juu ya bati la zamani! Treni ikimfikia anachota, anatafuna, anairuhusu iendelee.

Alikuwa aondoke Alhamisi. Bado yupo. Jana nimerudi kutoka sokoni namkuta na shemeji wameinamia treni, wanapima ubavu kwa rula. Wamekubaliana nyekundu. Maandishi mjomba hayataki ya *Wabaya Hawalali*, anataka *Newala Moja kwa Moja*. Na kwetu mjomba akishaamua, mimi wa kupinga ni nani?

Treni iko juu ya dari, nimeizungushia kanga ya Mama Zuhura. Mkiulizwa, semeni iko kwa fundi saa Lindi.