Umeuzika na Viatu?

Bogenvilia yangu niliinunua kwa wauza miche wa kando ya barabara, shina nene kama kidole gumba, urefu futi mbili na ushee. Kwa kuwa ilikuwa inapanda bajaji mpaka Ipagala, muuzaji aliukusanya mdomo wa kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea miche, kuzunguka shina, akaukaza kwa kipande cha mpira wa tyubu. "Bosi, hii mizizi yake ni laini kama uzi wa buibui. Usiitikise hata kidogo." Nikamtii. Tatizo, nilimtii mno.

Shimo nililichimba vizuri, hapo sina wa kuniambia kitu. Futi mbili kwenda chini, futi mbili upana, nusu mita kutoka ukutani kwenye geti, maana udongo wa karibu na msingi umejaa vipande vya tofali na saruji. Samadi ya mbuzi ilikuwa imeoza hadi haina harufu, debe moja kwa madebe matatu ya udongo wa juu. Mbichi ingeunguza mizizi.

Siku ya tatu, saa saba mchana, majani yakalegea. Sikushtuka. Kwa jua na upepo wa Dodoma mwezi wa tisa hata binadamu analegea saa hiyo: majani yanapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyovuta, jua likipungua yananyanyuka. Kipimo cha kweli ni saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya tano nikaenda alfajiri, nikaikuta imeinama kama mtu aliyedondosha funguo.

Nikaingia kwenye ndoo. Lita 10 asubuhi, lita 10 jioni. "Baba watoto, maji ya mgao hayo," mke wangu akasema, kwa sauti ile ya kusema mara moja tu. Bogenvilia ikazidi kuinama.

Siku ya nane nikachomeka kidole kwenye udongo, mpaka pingili ya pili. Tope. Hapo nikajiona daktari bingwa, kwa sababu kanuni naijua: mmea ukinyauka kwenye udongo mkavu una kiu; ukinyauka kwenye tope mizizi imekosa hewa, inaoza, na mizizi iliyooza haivuti maji hata ukiuzungushia bwawa. Nikasitisha maji siku nne. Nikatega na kanga ya mke wangu upande wa magharibi kuzuia jua la jioni. Kanga yenyewe imeandikwa "Nyumba njema si mlango", na mimi nimeitundika getini. Wapita njia walisoma, wakaangalia nyumba, wakaendelea na safari.

Kulikuwa na ushahidi niliouruka. Mmea uliozama kwenye maji kwa kawaida majani yake huwa ya njano na laini. Ya kwangu yalikuwa makavu, ukiyagusa yanavunjika kama karatasi. Hiyo ni kiu.

Akaja mzee jirani, Mgogo wa hapahapa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huo mchwa huo." Mchwa wakikata shina chini ya udongo, akanieleza, ukivuta kidogo tu mmea unakuja wenyewe. Akavuta kidogo. Ukaja wenyewe, lakini ukaja na kiriba kizima, cheusi, kinang'aa, mpira wa tyubu ungali shingoni.

Mzee akakitazama kiriba. Akanitazama mimi.

"Kijana, umeuzika na viatu?"

Nje tope, ndani vumbi. Mdomo umefungwa, na vile vitundu vya pembeni ni vya kunyonya tone, si vya kunywa. Kidole changu kilikuwa kimepima bustani, mmea hakikuufikia.

Tukafungua mpira, tukautumbukiza na kiriba chake kwenye ndoo mpaka mapovu yakaisha, kama dakika 20 hivi, kwa sababu udongo wa kiriba ukishakauka sana maji ya kumwagia juu yanateleza pembeni. Tope la shimoni tukaliacha likauke mpaka kesho yake. Halafu wembe: nikachana kitako na mbavu mbili za kiriba bila kukitoa, nikauteremsha, nikajaza udongo nusu shimo, ndipo nikavuta nailoni kwa juu taratibu. Hivyo ndivyo mizizi isivyotikiswa. Udongo nikaushindilia kwa mkono, si kwa kiatu. Matawi nikapunguza theluthi, maji lita 5 kila siku ya tatu, na maganda ya karanga juu ya udongo, kiganja kimoja mbali na shina ili mchwa wa mzee wasipate daraja.

Wiki ya tatu vichipukizi vyekundu vikatokeza kwenye vifundo. Kanga ikarudi kwa mwenyewe na matundu kumi na moja ya miiba. Mama watoto ameyahesabu. Anasema yangefaa zaidi kwenye kiriba.