Sikumwambia Ana Sura Mbaya

Naanza na hilo kwa sababu najua habari iliyowafikia. Nahodha wangu, ambaye tangu jana jioni simwiti rafiki, amewatangazia watu wa Kibirizi kwamba nilimkalisha mama wa Kimarekani mbele ya mumewe nikamwambia ana sura mbaya, halafu nikamfananisha na sokwe. Uongo! Neno sokwe halikutoka kinywani mwangu. Yaliyotoka nitayasema mwenyewe, tena leo hii, kabla jamaa hajafika soko la Mwanga na habari yenye sokwe wawili.

Kazi yangu mnaijua. Napeleka wageni Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe hapa Kigoma, narudi nao, wakitaka nawapitisha Ujiji pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871. Hawa walikuwa mtu na mkewe, wastaafu. Siku ya tatu wakasema wamechoka chakula cha hoteli, wanataka kula wanachokula watu. Nikawaleta nyumbani kwa mama.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu bibi jembe alilitafuta mwenyewe. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa mkekani, akashika kisu akaanza kusafisha migebuka pamoja na mama. Hawaelewani hata neno moja, wanacheka tu. Mama akaniita pembeni: "Mwanangu, huyu si mgeni huyu, ni mtu wa nyumbani. Mwambie."

Mnaona alikoanzia mama? Angeishia kwenye "ni mtu wa nyumbani," leo ningekuwa na heshima yangu.

Mtu wa nyumbani kwa Kiingereza ni nani? Sikutafuta mbali, neno lilikuja lenyewe: homely. Home ni nyumbani, huko nyuma ni mkia tu. Na sikulibuni. Nililisoma kwenye kamusi ya shule iliyochapwa Uingereza, ile ya dada yangu isiyo na jalada, inayosema ni mahali au mtu mkunjufu, asiye na makuu, anayekufanya ujione uko kwenu. Maana nyingine ilikuwa chini yake, na alama ya Marekani pembeni. Nani anasoma mpaka mstari wa pili? Wewe unasoma? Basi tulia.

Tukakaa kula. Ugali wa muhogo, migebuka ya mawese. Nikasafisha koo, nikamgeukia bibi, na kwa sauti ile ya mgeni rasmi nikasema: mama yangu amenituma nikwambie kwamba wewe ni mwanamke homely. Nikaona haitoshi. Nikaongeza "very," mara mbili.

Mzee wake alikuwa ameinua tonge. Tonge likabaki hewani, katikati ya bakuli na mdomo. Tone la mawese likaanza safari kwenye kidole cha shahada, likapita kiganjani, likazunguka kifundo cha mkono, likasimama kidogo kwenye saa, likaingia kwenye shati jeupe. Nililisindikiza lote kwa macho kwa sababu sikuthubutu kumtazama mtu. Kuku wa mama akaingia, akatuangalia mmoja mmoja, akatoka.

Bibi akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekanyagwa kwenye daladala. Akaniuliza, kwa adabu, nimesemaje.

Mwenye akili hapo anasema "nimesema karibu chakula," maisha yanaendelea. Mimi nikaamini shida ni matamshi yangu. Nikatoa simu, nikatafuta maneno mengine yenye maana hiyohiyo, nimpe achague.

La kwanza: plain. Aa, pleni nalijua! Shati la pleni, shuka la pleni, kitu kisafi kisicho na madoido. Nikamwambia yaani, mama, wewe ni plain. Nikaona kama hajanielewa, nikamsaidia kwa mkono: nikazungusha kiganja mbele ya uso wake, taratibu, kama mtu anayefuta kioo. "Hapa pote," nikasema.

Wewe uliyeanza kucheka, hifadhi pumzi, hatujafika.

Kwenye orodha ileile lilikuwepo neno unpretentious. Ndilo hasa! Mtu asiye na majivuno, ndicho mama alichonituma. Lakini lina herufi 13, na ulimi ulishanikauka. Nikaliruka kama dimbwi la Machi, nikatua kwenye domestic. Si nyumbani hukohuko? Nikamwambia. Mzee akalirudisha tonge bakuli. Kimya. Na kwa kuwa asubuhi hiyo tulikuwa tumetoka kuangalia wanyama Gombe, kichwa changu, kikidhani kinanisaidia, kikaleta ufafanuzi:

"Domestic. Not wild."

Yaani wa kufugwa. Si wa porini.

Nahodha, aliyekuwa amekaa kizingitini na sahani yake, akapaliwa. Anadai ni mwiba wa samaki. Sokwe wake kawatoa hapo.

Mama akanigusa goti. "Mbona hali? Umemwambia nilivyokutuma?"

"Nimemwambia, mama."

"Mwambie tena."

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Bibi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mzee akanifundisha, kwa huruma kama ya daktari, kwamba kwao nyumba inayokufanya ujisikie vizuri huiita homey au cozy. Homely ni ya mtu ambaye uzuri ulimpitia mbali, na plain, ukimwambia mwanamke, ni ndugu yake. Bibi akasema asijali mtu, hata rais wao Abraham Lincoln watu walimwita hivyohivyo, kwa hiyo yeye yuko kwenye kundi la wakubwa. Nimekuja kujua baadaye kwamba kwenye matangazo ya wachumba huko India, binti homely ni sifa, ni yule anayejua kutunza nyumba. Kwa hiyo neno sikukosea, nilikosea nchi. Nahodha hilo hakuwaambia, sivyo? Nikaomba radhi kwa lugha mbili, wakala wakashiba, mama akamfunga bibi kitenge, nikawarudisha hotelini. Njia nzima sikufungua mdomo ila kuonyesha ziwa.

Sasa kilichonifanya niandike leo badala ya kujificha wiki nzima. Usiku mama kaniuliza ni neno gani lile lililomfurahisha mgeni mpaka akashika mbavu. Ningeanzia wapi kumweleza? Nikamtajia, nikamwambia maana yake ni mtu wa nyumbani, nikaenda kulala.

Kesho mchana nina wageni wanne wanaokuja kula, kina mama watupu, wote wa Marekani. Jogoo ameshafungwa kamba mguuni. Na tangu asubuhi namsikia mama jikoni, anapepeta dagaa huku anarudiarudia kwa sauti: "Homeli. Veri, veri homeli."