Nani Anaruhusiwa Kuomba Orodha ya Simu Zako?

Tukibishana kuhusu serikali na simu zetu, mazungumzo hukimbilia WhatsApp: wanasoma, hawasomi? Swali hilo lina majibu. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa ndani ya simu ya mtumaji na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji. Kampuni ya simu inayoubeba, hata ikiamriwa, haina maandishi ya kutoa. Anayetaka kuyasoma anahitaji simu yenyewe, au nakala iliyohifadhiwa Google Drive ama iCloud bila kufungwa kwa nenosiri lake, au programu ya kijasusi kama Pegasus, ambayo mwaka 2019 ilirushwa kwa watu wapatao 1,400 kupitia kasoro kwenye simu za sauti za WhatsApp. Pegasus ni ghali mno. Haimtafuti mwizi wa bodaboda.

Kinachotumika kila siku ni orodha ya simu. Ukipiga, ukipokea au ukituma SMS, kampuni huandika namba zote mbili, saa, muda wa maongezi, IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa chako) na mnara uliokuhudumia. Maongezi yenyewe hayamo. Hata hivyo, ichukue orodha ya miezi 3: mnara wa usiku unaeleza unakolala, wa mchana unakofanya kazi, na ule unaojitokeza kila mwezi kando ya kliniki fulani unaeleza jambo ambalo pengine hata ndugu zako hujawaambia.

Wapelelezi wana hoja nzito, na wanaoitupa kando hawajakaa mahakamani. Katika shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, Januari 2019, watu 21 waliuawa na washambuliaji wakafia humo humo. Njia ya kuwafikia waliowasaidia ilipita kwenye mawasiliano na miamala ya pesa kwa simu; mwaka 2025 wawili walihukumiwa miaka 30 kila mmoja. Hata tapeli wa kawaida wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hana pengine pa kumkamatia.

Tatizo la kwanza ni kwamba orodha hii huaminiwa kupita uwezo wake. Mnara si anwani: mjini unahudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja, kijijini eneo lake ni kilomita nyingi. IMEI hubadilishwa na fundi, na simu bandia za bei poa huweza kugawana IMEI moja. Usajili wa laini nao una tundu. Tanzania ilianza kuzima laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole Januari 20, 2020, lakini wakala asiye mwaminifu akikuambia "haijasoma, weka tena", kidole cha pili huenda kimesajili laini ya mtu mwingine. Piga *106# uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako, na usiyoitambua ifungiwe kabla haijakuita kituoni.

Tatizo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni sahihi ya nani inatosha. Tanzania, kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Anayepeleleza na anayeidhinisha wako ofisi moja. Kesi za Maxence Melo, mwanzilishi wa jukwaa la mijadala la mtandaoni JamiiForums, zilitokana na amri za namna hiyo: polisi walitaka taarifa za wachangiaji waliotoa tuhuma dhidi ya kampuni, hazikutolewa, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtoza faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1 kwa kuzuia uchunguzi. Kenya, sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta inamtaka afisa aende mahakamani kuomba amri ya kutolewa kwa taarifa.

Polisi watasema hakimu hapatikani saa 8 usiku na ushahidi unafutika. Ni kweli, ila dawa ipo: amri ya kuhifadhi. Mkuu wa kituo aiamuru kampuni isifute chochote usiku huo huo, kisha asubuhi hakimu aamue kama taarifa zitolewe. Kuhifadhi hakumwonyeshi mtu yeyote chochote, kwa hiyo haraka haipotei na ukaguzi haukosekani.

Ombi la karatasi, hata likiwa bovu, lina faida moja: linaacha alama. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitaka kuunganisha mfumo wake kwenye mitandao ya kampuni za simu, ikisema inasaka simu bandia. Wapinzani walihofia kwamba mfumo huo ungefika kwenye rekodi za wateja bila kampuni kuulizwa tena. Mahakama Kuu iliuzuia Aprili 2018. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo Aprili 2020. Mitambo ikishaunganishwa moja kwa moja, hapabaki ombi la kukataliwa wala faili la wakili kuliomba baadaye.